Sahani ya Mama Shibe Yenye Matundu Manne

Siku ndugu walipokaa kugawana vitu vya marehemu, nguo zilipata wenyewe, sufuria zikapata wenyewe, hata redio iliyokuwa ikisikika upande mmoja tu ikapata mwenyewe. Sahani nyeupe ya bati, iliyotobolewa matundu manne ukingoni, haikuguswa na mtu. Mgeni mmoja akasema hiyo imekwisha kazi, itupwe. Ndipo wifi yake marehemu akainuka, akaichukua, akaifuta kwa upindo wa gauni lake na kurudi kukaa nayo mapajani. Wa nyumba ile walijua.

Marehemu aliitwa Mama Shibe, na jina hilo hakupewa bure. Mtu aliyekaa jikoni kwake robo saa bila kutafuna kitu, ama alikuwa amefunga, ama alikuwa amesinzia. Hakuamini kwamba kuna binadamu aliyeshiba. Ukimwambia umeshiba, alikutazama kwa huruma, kama anayemsikiliza mgonjwa akidai amepona, kisha mwiko ukashuka tena kwenye sahani yako. Mumewe, fundi baiskeli, mtu mkimya na mwembamba kama spoki, alikula chakula hicho miaka zaidi ya arobaini asinenepe hata kidogo, na mkewe alilichukulia jambo hilo kama dharau ya makusudi.

Nyumba yao ilikaa juu kidogo ya ziwa. Dirisha la jikoni lilitazama ghuba ndogo, iliyokingwa upepo na vilima viwili. Humo majirani kumi na mmoja waliungana, wakaweka vizimba sita vya kufugia samaki: nyavu zilizoshonwa mfano wa masanduku makubwa, zikaning'inizwa majini kwenye fremu za mabomba zilizoelea juu ya mapipa ya plastiki, zikafungwa kwa kamba kwenye mawe mazito yaliyolala chini. Waliipenda ghuba ile kwa sababu ilikuwa tulivu, na mtu aliweza kuona mali yake akiwa anapiga mswaki. Kina chake kilikuwa pima mbili tu, kama urefu wa watu wawili, kwa hiyo vitako vya nyavu vilikaribia kugusa tope, lakini wakati huo hakuna aliyeona ubaya wowote.

Mwenyekiti wao alikuwa fundi nyavu, mtu wa maneno machache, ila kila neno alilirudia. Yeye ndiye aliyempendekeza Mama Shibe awe mlishaji, maana aliamka mapema, alipiga kasia vizuri, na samaki hawatakufa njaa mikononi mwake. Hawatakufa njaa, akasema tena. Na kweli, kwa njaa hawakufa.

Aliipenda kazi ile kuliko alivyotarajia. Kila asubuhi, kabla ya kusukuma mtumbwi, alisimama maji yakiwa vifundoni, akasali sala yake fupi: Ee Mungu, walio juu ya maji na walio chini ya maji wote ni wako, washibishe. Kisha akapiga kasia mpaka kwenye vizimba na ndoo zake. Chakula kilikuwa punje za kahawia zenye harufu ya dagaa, za aina inayozama polepole. Alirusha konzi moja, maji yakachemka kwa mikia. Akarusha ya pili, akasikiliza. Alidai kwamba samaki wakila vizuri husikika kama mvua ya mawe inayonyesha kwa jirani.

Sheria ya kikundi ilikuwa kila kizimba ndoo moja asubuhi na moja jioni, basi. Lakini Mama Shibe alikuwa na jicho la kuona asiyepata. Kila mara palikuwa na mmoja pembeni, mdogo, mwoga, anayesukumwa na wenzake. Kwa ajili ya huyo aliongeza kopo. Baadaye makopo yakawa mawili, kisha matatu, na huyo mwoga wa pembeni hakuisha, maana akinenepa yeye hujitokeza mwingine.

Magunia ya chakula yalihifadhiwa stoo kwake, yakaanza kwisha kabla ya wakati. Mwenyekiti alikuja kukagua, akazunguka, akainama, akasema ni panya. Ni panya. Kikundi kikaleta paka, akawekwa zamu stoo, naye akanenepa kwa kula punje zilezile, na magunia yakaendelea kwisha. Mama Shibe aliwaachia panya wabebe mzigo huo. Moyoni alijiambia kwamba hajaiba, kwa kuwa hakuna punje hata moja iliyoingia kwenye chungu chake.

Mwaka wa kwanza ghuba ilionekana kubarikiwa. Samaki wa porini walijikusanya chini ya vizimba kuokota makombo, na ndege wakaja kwa ajili ya hao samaki. Mwaka wa pili maji yalianza kugeuka rangi, yakawa ya kijani kama yaliyochemshiwa mboga. Kamba za nanga zilipovutwa zilitoka nyeusi, zinateleza, na harufu yake ilimfanya mtu ageuze uso. Wale samaki wa porini wakahama bila kuaga.

Aliyesema wa kwanza alikuwa Wifi. Huyu alikuwa dada mdogo wa fundi baiskeli, na riziki yake ilikuwa kufua nguo za watu. Alifulia kwenye mawe bapa mwisho wa ghuba, mashuka ya nyumba za wageni na mashati ya walimu, na mawe yale yalikuwa yamelainika kwa miaka ya mikono yake. Yeye na Mama Shibe walikuwa hawaachani, na walikuwa hawasemezani vizuri hata siku moja.

"Wifi," alimwita siku hiyo kutoka kwenye mawe, "mashuka ya watu yananuka yai viza. Umewalisha nini hao wanao?"

"Nimewalisha chakula. Wewe umewalisha povu."

"Povu langu linaelea, linapeperuka. Hicho chako kinazama."

Mama Shibe alicheka mpaka kasia likamponyoka. Hakujua kwamba ameambiwa kweli tupu.

Ikaja wiki isiyo na upepo. Ziwa lilikaa kama kioo, joto likapenya hadi chini ya maji. Asubuhi ya kwanza Mama Shibe aliwakuta samaki wote juu, midomo wazi, wanapapasa uso wa maji kwa maelfu. Alifurahi. Wamenisubiri, alisema, wanaamka na njaa, maskini. Aliwaongezea nusu ndoo. Hawakula kwa kelele kama kawaida, lakini alidhani wanakula kwa adabu. Siku ya pili walikuwa juu tena, wakampokea vilevile, naye akawaongezea tena. Jioni alimwambia mumewe kwamba siku hizi samaki wanamsalimia. Mumewe akasema kwamba yeye baiskeli hazijawahi kumsalimia.

Siku ya tatu kizimba cha nne kilikuwa cheupe. Samaki walikuwa wameelea ubavu, kizimba kizima, na nusu ya kizimba cha tatu. Mama Shibe alikaa kwenye mtumbwi na ndoo zake zimejaa, asijue amrushie nani.

Waliwatoa kwa machepeo. Kutwa nzima walichimba shimo mlimani, na kazi ile haikuwa na mtu wa kuimba. Kesho yake kikundi kikakutana kwenye banda la nyavu, watu wamekaa juu ya maboya na magunia, kila mmoja akitafuta mkosaji kwa macho. Mmoja akataja povu. Alikuwa ameliona kwa macho yake likisogea kutoka kwenye mawe ya kufulia. Mwingine akasema sabuni za siku hizi ni kali. Baada ya hapo hakukuwa na mashaka tena, kila mtu akakumbuka povu. Mwenyekiti akatamka kwamba ufuaji ukome ghubani, ukome, na mawe yale yazungushiwe uzio. Ila kwanza ataitwa mtaalamu wa maji aje kuthibitisha.

Wifi aliyasikia yote akiwa amesimama mlangoni, beseni kiunoni.

"Miaka kumi na tisa nafua pale," alisema. "Samaki wenu wana miaka miwili."

Alimtazama Mama Shibe, kama mtu anayengoja mwenzake ashike upande wa pili wa shuka ili wakamue. Mama Shibe alikuwa akiangalia wavu uliotundikwa ukutani. Wifi akahamishia beseni upande wa pili wa kiuno, akaondoka.

Jioni ile Mama Shibe alipika kama kawaida, akapakua kama kawaida, chake akakizungusha tu. Mumewe aliinua macho. "Leo wewe ndiye umeshiba?" aliuliza. Katika miaka thelathini na miwili lilikuwa swali la kwanza la namna hiyo, na mkewe akainuka akaanza kukusanya vyombo.

Mtaalamu alikuwa msichana mdogo aliyebeba sanduku la chupa tupu, na kabla hajashuka garini watoto walishamwita Binti wa Chupa. Mama Shibe ndiye aliyempeleka vizimbani. Walipofika, yule binti alitoa kwenye mfuko sahani bapa iliyopakwa rangi nyeupe na nyeusi, imefungwa kwenye kamba yenye mafundo.

"Mwanangu," Mama Shibe alisema, "umekuja kutupimia ziwa au kutuoshea vyombo?"

Binti alicheka, akaeleza. Sahani inashushwa mpaka ipotee machoni. Ikipotea mapema, maji ni mazito. Nje ya rasi inayoikinga ghuba, alikopima asubuhi kwa mtumbwi wa mvuvi, ilipotea baada ya pima tatu. Hapa kwenye vizimba ilipotea kabla hata ya kufika nusu pima. Kisha akashusha chombo kingine chenye meno, kikauma tope la chini, akalimwaga kwenye trei. Lilikuwa jeusi kama oili chafu, linanuka yai viza, bila mdudu, bila konokono, bila chochote kinachotembea. Binti alilitenganisha kwa kijiti. Ndani ya weusi ule mlikuwa na punje. Nyingine zilikuwa zimeoza, nyingine bado zina umbo lake, nyingi sana. Mama Shibe alizitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Binti aliuliza iwapo zile asubuhi za utulivu samaki walikuwa wakipanda juu, midomo wazi.

"Walikuwa wananisalimia," Mama Shibe alisema.

Binti aliweka kijiti chini kwanza, kwa kuwa alikuwa na adabu. "Hawakuwa wanasalimia, mama. Walikuwa wanatafuta hewa."

Akamweleza taratibu. Chakula kisicholiwa na choo cha samaki vinaanguka chini ya wavu. Vinaoza, na kuoza kunakula hewa iliyomo majini. Ghuba imefungwa, hakuna mkondo wa kuyabadilisha maji, na upepo ukikosekana hali huwa mbaya zaidi. Samaki wamefungiwa, hawawezi kukimbia kama wale wa porini, kwa hiyo wanapanda juu kuvuta kidogo kilichobaki. Ukiwarushia chakula saa hiyo hawali, kinazama chote, na shida inaongezeka. Kisha akauliza kama palikuwa na mtu aliyezidisha.

Mama Shibe alishika kasia. Alisema jua limekuwa kali, warudi.

Njiani binti aliongea kwa sauti ya mtu anayejifikiria. Kwa ndoo alizotajiwa na mwenyekiti, tope lile lilikuwa jingi kupita kiasi, hesabu haikukubali. Itambidi aandike kwamba sababu ni nyingi, na sabuni imo. Mama Shibe alizidi kupiga kasia. Mbele yao, kwenye mawe, Wifi alikuwa akikunja mashuka peke yake, ameshika ncha moja kwa meno. Mama Shibe alisali moyoni. Alitamani Mungu ampe jibu lingine, lakini jibu lilikuwa lilelile tangu kwenye trei.

Bandani wote walikuwa wanangoja. Kabla Binti wa Chupa hajafungua daftari lake, Mama Shibe alisimama, ndoo mkononi.

"Panya wa stoo ni mimi," alisema. "Paka mmwombe radhi."

Mwenyekiti alimwambia akae. Akae kwanza. Hakukaa. Aliwaeleza habari ya kopo, habari ya yule mwoga wa pembeni, habari ya nusu ndoo za ile wiki ya mwisho. Alisema punje zimejaa chini ya vizimba, amezitambua, na sabuni ya Wifi haikuua samaki wake. Aliyewaua ni yeye, kwa mkono uleule aliokuwa akisali nao.

Mmoja aliguna puani, nusu kicheko, akajizuia. Mwishowe mwenyekiti alisema ndoo aiache pale. Aiache. Akaiweka chini, akatoka, na mkono aliozoea kuibeba nao akawa hajui auweke wapi.

Kesho yake adhuhuri Wifi aliingia jikoni bila kubisha hodi, akavuta kigoda, akasema neno moja tu: pakua. Alikula mpaka kitako cha sahani kikaonekana. Mama Shibe alinyanyua mwiko kwa mazoea, ukafika nusu ya njia, ukasimama hewani. Akaanza kuurudisha chunguni.

"Jikaze kisabuni, wifi," Wifi alisema. "Ongeza. Mimi si samaki."

Hapo wote wawili walicheka, na baada ya kucheka wakalia kidogo, na baada ya hapo chakula kikaisha.

Binti wa Chupa aliandika alichoandika, na kikundi kikakubali kuhama. Vizimba vilivutwa na mitumbwi mitano, polepole kuliko mwendo wa mtu mzee, maana samaki wakivutwa kwa haraka hubanwa upande mmoja wa wavu. Iliwachukua siku nzima kufika nje ya rasi, penye pima nane, ambapo mkondo unapita na upepo una nafasi. Vizimba walipunguza vikawa vinne, na samaki ndani yake wakapunguzwa pia. Wifi naye hakutoka bure. Binti alimwambia maji ya sabuni asiyarudishe ziwani, ayamwage kwenye shimo la kokoto nyuma ya mawe, naye akalichimba huku akinung'unika kwamba sasa hata povu lina nyumba yake.

Ndoo ilipewa jirani mmoja kinyozi, aliyelisha haraka kama anayenyoa mtoto mtukutu. Mama Shibe aliambiwa aoshe nyavu. Alizisugua ufukweni kutwa nzima, na hakusema kitu kuhusu kinyozi, ingawa kunyamaza huko kulimchosha kuliko nyavu. Kilichomsumbua ni swali moja: punje zikishazama, mtu atajuaje kama zimeliwa? Sikio lake lilikuwa limemdanganya, na macho pia.

Jibu alilipata akiosha vyombo. Alichukua sahani yake nyeupe ya bati, akampelekea mumewe, akamwomba aitoboe matundu manne. Fundi alichukua msumari na nyundo. Alitoboa, akakunja spoki nne kuwa ndoano, akazifunga kwenye kamba moja, akaning'iniza jiwe chini yake ili sahani isipinduke. Kesho yake Mama Shibe alimwendea kinyozi kwa unyenyekevu usio wa kawaida yake. Ishushe hii ndani ya kizimba, alimwambia, karibu na kitako cha wavu, kabla ya konzi ya kwanza. Rusha kidogo, ngoja, ivute. Ikija tupu, rusha tena. Ukiona punje juu yake, acha, hata kama ndoo haijaisha, hata kama roho inakuuma.

Kinyozi alicheka kwamba sasa samaki wanaandaliwa meza. Lakini aliijaribu, kwa kuwa ilimpunguzia kazi. Sahani ilirudi na punje kabla ndoo haijafika nusu. Gunia likaanza kukaa muda wake, na baadaye likauvuka. Samaki wakakua vizuri tu. Mwezi wa sita tangu sahani ianze kazi, mwenyekiti alimletea Mama Shibe ndoo mlangoni. Ndoo hii, alisema. Ndoo hii ni yako.

Alilisha miaka mingine tisa, hadi moyo wake uliposimama, Mungu amrehemu. Hakuzidisha tena, ingawa mfuko wa gauni lake haukukosa punje chache za akiba, pengine atamwonea mwingine huruma.

Ila kila mwaka, wiki ileile isiyo na upepo, alimwita Wifi wakaingia mtumbwini, wakaenda ghubani mahali kilipokuwa kizimba cha nne. Alishusha sahani mpaka chini, akaiburuta kidogo kwenye tope, akaivuta. Mwaka wa kwanza ilirudi nyeusi na harufu ikawafukuza. Mwaka wa pili vilevile, ingawa Wifi alidai kwamba harufu imepungua, na Mama Shibe akamwambia pua yake imezoea sabuni. Mwaka wa tatu tope lilikuwa la kijivu. Wa nne likawa la kahawia, halinuki kitu.

Mwaka wa tano sahani ilipotoka majini, ilikuwa na konokono ukingoni, mdogo kama kifungo cha shati, anatembea.

Walimtazama vichwa vikikaribia kugongana. Konokono alizunguka tundu moja, akasita, akaendelea. Wifi aliuliza polepole kama huyo naye ana njaa. Mkono wa Mama Shibe ulikuwa umeshaingia mfukoni. Wifi alimwangalia tu. Mkono ukakaa humo kidogo, kisha ukatoka mtupu.

Akaishusha sahani tena, kamba ikimpita vidoleni taratibu. Waliiona ikizidi kwenda, nyeupe, na doa dogo ukingoni, mpaka ikatua chini bila kupotea machoni. Mama Shibe akaishikilia hapo. Hakukuwa na haja ya kuivuta mpaka konokono mwenyewe atakapoamua kushuka, kwa hiyo wakakaa mtumbwini, wakapiga soga, wakamsubiri.